Simu haikubali mtu asiye na tarehe ya kuzaliwa

Simu yangu ya zamani ilizima wiki mbili zilizopita na haikuwaka tena, fundi kaifungua, kaiangalia, kaifunga, akanirudishia bila kusema neno. Kilichoniuma wala sio picha wala namba za watu, ni kalenda. Mimi nina ugonjwa wa tarehe za wanamuziki, nani kazaliwa lini, nani kafariki lini, nani alianguka stejini siku gani, vyote nilikuwa nimevipanga humo na asubuhi simu inalia kunikumbusha. Bahati nzuri kabla ya simu kulikuwa na daftari, kaunta buku moja limechakaa hilo mpaka kurasa zinatoka, kwa hiyo wiki hii kila usiku nakaa naandika upya jina moja moja, wako kama mia nne hivi, na ukiandika kwa mkono namna hiyo unaanza kuona vitu ambavyo simu ikilia leo moja kesho moja huvioni.

Chukua 16 Agosti. Ile siku simu ilikuwa inalia mara nne. Robert Johnson, yule wa blues, 1938. Elvis Presley, 1977. Aretha Franklin, 2018. Hao wote vifo. Halafu katikati yao kuna Madonna, yeye kazaliwa, 1958, jimbo la Michigan, na Aretha kaja kufia Michigan hiyo hiyo, Detroit, na Aretha huyo huyo alizaliwa Memphis ambako ndo Elvis alifia. Nilipoligundua hilo mara ya kwanza niliamka nikatembea chumbani, nikaona nimegundua siri ya dunia.

Sasa tulia. Kuna hesabu moja ya zamani kwamba ukiweka watu 23 kwenye chumba kimoja, uwezekano wa wawili kuchangia siku ya kuzaliwa unazidi nusu. Watu 23 tu! Mimi nina majina mia nne, kila mtu na siku mbili, ya kuja na ya kuondoka, unaziminya kwenye vibox 366, kwa nini zisigongane? Zingekuwa hazigongani ndo ningeogopa. Kwa hiyo mtu akikuletea zile stori za "mfalme Elvis na malkia Aretha waliondoka siku moja, hii sio bure", mwambie ni bure kabisa.

Ila kugongana huko kunanisaidia kitu kingine, kunaniweka watu pamoja ambao mwenyewe nisingewaweka. 3 Februari kwa mfano. Kila anayefuatilia rock and roll anaijua, 1959, ndege ndogo imeanguka kwenye shamba karibu na Clear Lake, Iowa, usiku, theluji, Buddy Holly miaka 22, Ritchie Valens miaka 17, The Big Bopper miaka 28, na rubani Roger Peterson miaka 21 ambaye watu humsahau kumhesabu. Wote watoto. Mi kinachonikaa kichwani sio ndege, ni basi. Walikuwa kwenye ziara ya baridi kali, basi hita yake mbovu, mpiga ngoma wa Holly vidole vya miguu vimeganda mpaka kalazwa hospitali, ndo Holly akasema liwalo na liwe nakodi ndege, dola 36 kwa kiti. Waylon Jennings, aliyekuwa anampigia besi, akamwachia Big Bopper kiti chake kwa sababu jamaa alikuwa na mafua. Tommy Allsup, mpiga gitaa wa Holly, na Valens wakarusha sarafu kugombea kiti kingine, Valens akashinda. Akashinda! Na huyu Valens alikuwa mwoga wa ndege toka zamani, kwa sababu 1957 ndege mbili ziligongana angani na vipande vikaangukia uwanja wa shule yake wakati yeye kaenda kumzika babu yake.

Holly alipomwona Jennings anabaki akamtania, natumaini basi lenu ligande. Jennings naye akajibu kwa utani, na mi natumaini ndege yenu ianguke. Basi. Ukishalijua hilo huwezi kuisikia sauti ya Jennings vile vile tena, maana aliishi na ile sentensi mpaka 2002.

Sasa geuza ukurasa, tarehe ile ile 3 Februari ila 1975, Cairo. Umm Kulthum. Huyu hakuna sarafu wala ndege, mama mzima kafariki hospitali baada ya maisha marefu ya kuimba, yule ambaye shoo zake za Alhamisi ya kwanza ya mwezi zilikuwa zinarushwa redioni na dunia yote ya Kiarabu imetulia inasikiliza. Siku ya mazishi umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watu walilichukua jeneza kutoka kwa waliokuwa wamelibeba, likawa linapita mabegani mwao mtaa hadi mtaa, ratiba ya serikali ikabaki kwenye karatasi. Watoto wanne ambao wamefia kwenye baridi hakuna aliyejua mpaka asubuhi, na mama mmoja ambaye mji mzima umemng'ang'ania usimzike. Kibox kimoja.

Na hapo kwa Umm Kulthum ndo nilipokwama, maana upande wa kifo daftari langu limenyooka, siku, mji, wakati mwingine hadi saa, lakini upande wa kuzaliwa limejaa alama za kuuliza. Yeye wengine wanasema 31 Desemba 1898, wengine 4 Mei 1904. Hiyo ni tofauti ya miaka mitano na ushee kwa mtu maarufu kuliko marais. Na ukifikiria ni kawaida tu, siku msanii anapofariki yeye ni msanii, kuna redio, kuna magazeti, kuna daktari anasaini. Siku anayozaliwa ni mtoto wa fulani kijijini analia kama watoto wengine, nani aandike?

Louis Armstrong aliniaibisha kwa hili. Miaka ya nyuma niliposti kwenye grupu letu la WhatsApp la wapenda jazz, 4 Julai, heri ya kuzaliwa Satchmo (ndo jina lake la utani), kazaliwa 1900 siku ya uhuru wa Marekani, mtoto wa karne, nikapamba na maua. Mzee mmoja humo ndani, mtaratibu sana, akaandika tu, "Mwanangu, jaribu tena mwezi ujao." Kumbe Armstrong mwenyewe ndo alikuwa anaisema hiyo 4 Julai 1900 maisha yake yote, ila 1988, yeye keshafariki miaka 17, mtafiti Tad Jones akakuta kitabu cha ubatizo cha kanisa moja New Orleans, kimeandikwa kwa Kilatini, kinasema 4 Agosti 1901. Mwaka mzima na mwezi umepotea. Ina maana 1970 walipomfanyia sherehe kubwa ya miaka 70, yule mzee anayekata keki alikuwa na miaka 68. Na mi sidhani kama alikuwa anadanganya, mtoto wa mtaani wa New Orleans hakuna aliyemshikia cheti, akachagua siku inayopendeza ambayo fataki zipo tayari. Ningekuwa yeye ningechagua hiyo hiyo.

Armstrong alifariki 6 Julai 1971. Nikaandika, nikashuka mstari mmoja, nikakuta 6 Julai nyingine, 1938, Franco Luambo kazaliwa Sona Bata. Yaani siku Satchmo anaondoka, Franco anatimiza miaka 33. Na hawa sio wageni kabisa, 1960 Armstrong alitua Leopoldville, Kinshasa ya leo, wakambeba kwenye kiti juu juu kama chifu, na wakati huo bendi ya Franco, OK Jazz, ina miaka minne inapiga mji ule ule. Neno jazz lenyewe limo kwenye jina la bendi ingawa muziki ni rumba. (Hapo kwenye jina mi naweza kuandika posti nzima, tuache.) Franco naye akaja kufariki 12 Oktoba 1989 Namur, Ubelgiji, miaka 51 tu, na Zaire ikaomboleza siku nne.

Ukitaka kuona tofauti ya kuja na kuondoka angalia waliofia kazini. Papa Wemba, 24 Aprili 2016, Abidjan, alfajiri, tamasha la FEMUA. Ile video nimeiangalia mara moja tu na sirudii. Yuko nyuma kidogo, kavaa vizuri kama kawaida yake, wacheza shoo wako mbele wamempa mgongo, anaanguka, na wao wanaendelea kucheza. Bendi inaendelea. Ni sekunde chache tu mpaka mtu ageuke, ila zile sekunde muziki unakwenda na mwenye muziki yuko chini. Siku tatu kabla, 21 Aprili, Prince alikuwa amefariki Minnesota, redio zote za dunia ziko kwake, na mimi kwenye daftari nimewaandika mstari kwa mstari, naona walivyofuatana, mmoja peke yake kwenye lifti ya studio yake mwenyewe, mwingine mbele ya maelfu.

Miriam Makeba vile vile, Novemba 2008, Castel Volturno, Italia, kapanda kwenye shoo ya kumuunga mkono mwandishi Roberto Saviano aliyekuwa anatishiwa na mafia, kaimba Pata Pata, kashuka, ndo moyo ukagoma. Miaka 76. Mama aliyezuiwa kurudi kwao miaka 30 kwa sababu ya mdomo wake, bado yuko barabarani anamtetea mtu mwingine.

Na Robert Johnson wa pale mwanzo, yeye ni kinyume hata cha hawa, kifo chake nacho kimekaa kama kuzaliwa kwa mtu wa kawaida. Aliacha nyimbo 29, leo kila mpiga gitaa anamtaja, lakini cheti chake cha kifo kilikuja kupatikana 1968, miaka 30 baadaye, na pale kwenye sababu ya kifo kumeandikwa hakukuwa na daktari. Yamewekwa mawe ya kaburi matatu, sehemu tatu tofauti karibu na Greenwood, Mississippi.

Jana usiku nikafika herufi K, Kidude, Bi. Fatuma binti Baraka. Kifo kipo, 17 Aprili 2013, Zanzibar. Kuzaliwa kwenye daftari nilikuwa nimeacha mstari mtupu na pembeni nimeandika kwa penseli "enzi za rupia", maana yeye mwenyewe ndivyo alivyokuwa anajibu akiulizwa, na rupia Zanzibar ilidumu mpaka miaka ya 1930 kwa hiyo jibu hilo ni la bibi anayekuambia mjukuu wangu niache. Daftari lilikubali. Simu haikubali, ukiacha tarehe wazi kitufe cha kuhifadhi kinabaki cha kijivu. Umm Kulthum nilimpa siku zote mbili, Mei na Desemba, italia mara mbili. Armstrong nimemwachia Julai na Agosti pia. Bi Kidude nimekaa naye karibu nusu saa, nikaweka 1 Januari, nikafuta. Nikaweka ya leo, nikafuta. Mwisho nikafunga simu nikachonga penseli, na nikaanza kulibandika gamba la daftari kwa solotepu.