Kijiti cha kupimia maji: pipa langu si pipa la redioni

Mradi wenyewe ni mdogo. Mapipa matatu ya plastiki, yale ya bluu, gata upande wa nyuma wa nyumba hapa Ngamiani, na kijiti cha kuniambia zimebaki lita ngapi. Vuli ikigoma, nataka kujua mchicha utavumilia siku ngapi.

Jumamosi. Nimeokota kipande cha mninga kwa fundi seremala, nikakipiga randa, nikapima kina cha pipa kwa futi: sm 85. Zikabaki lita. Hapa ndipo nilipojiona msomi. Bomba la mafuta ghafi ni gumzo la kila kijiwe Tanga: kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, kilomita 1,443, uwezo wake mapipa 246,000 kwa siku. Na mimi nilikuwa nimesikia redioni kwamba pipa moja la mafuta ni lita 159. Nikagawa 159 kwa 85, ikaja lita 1.87 kila sentimita, nikachonga alama kwa kisu na kuzipaka wino. Zilipendeza kweli.

Jumatatu. Shangazi kaja kuchota maji ya kufulia, ndoo tano. Kijiti kinasema zimetoka lita 73. Ndoo ni ya lita 20, kwa hiyo ilitakiwa 100. Badala ya kukishuku kijiti, nikamwuliza shangazi kama ndoo zilijaa.

"We mtoto, unanihesabia maji?" Akaitua ndoo. "Pipa hili ni ndoo kumi. Tangu yale ya chuma ni ndoo kumi. Nani kakwambia vingine?"

Redio, shangazi.

Usiku nikakaa na kalamu. Pipa la redioni halipo uani kwa mtu yeyote. Ni kipimo cha hesabu tu, galoni 42 za Kimarekani, kilichobaki tangu wachimba mafuta wa Pennsylvania walipokuwa wakisafirisha kwa mapipa ya mbao miaka ya 1860. Galoni yao ni lita 3.7854, zidisha mara 42, unapata 158.987. Pipa langu la bluu ni mjukuu wa lile la chuma la galoni 55, yaani lita 208 likijaa, na sisi tunaliita la lita 200. Kiswahili kimeyapa yote mawili jina moja, na mimi nikaingia mkenge.

Kuna mtego mwingine ambao nusura uninase usiku huohuo. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546. Ukizidisha 42 kwa hiyo unapata karibu 191, namba inayofanana sana na ndoo kumi, na kwa dakika kadhaa nilishangilia. Ni bahati mbaya tu ya namba. Hiyo galoni ya Kiingereza ndiyo ya debe la zamani la mafuta ya taa: galoni nne, lita 18 na kidogo.

Kwa wanaopenda: mapipa 246,000 ya bomba ni lita milioni 39.1. Kwa mapipa kama yangu ni kama 195,600. Tena mafuta huhesabiwa kana kwamba yako kwenye nyuzijoto 15.6, kwa sababu yakipata moto yanatanuka. Tanga hii, nyuzi 15.6 utaipata kwenye friji.

Jumatano. Nimeanza upya, bila kikokotoo. Kwanza nikaipima ndoo yenyewe kwa chupa ya lita moja na nusu: chupa 13, kisha theluthi ya chupa, nikaweka alama ya rangi hapo, maana ndoo ikijaa pomoni inapita 20. Halafu nikamimina ndoo moja moja, nasubiri maji yatulie, nachomeka kijiti, nachora pale palipolowa. Ndoo ya kwanza ilipanda zaidi ya nyingine kwa sababu kitako cha pipa kimepinda. Zilizofuata zilipanda sm 7.8, kila moja. Ndoo ya kumi ikafika karibu sm 79. Upande wa pili wa kijiti bado una alama za lita 159. Sijazikwangua, shangazi kakataza.

Limebaki pipa la tatu, ambalo limelazwa ubavu juu ya kichanja. Hilo alama zake haziwezi kulingana: katikati maji yanatanda, juu na chini yanabanwa. Jumamosi, ndoo kumi tena.