Dnsmasq mbili kwenye seva ya Kirumba

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye ofisi ya wauza dagaa pale Kirumba, karibu kabisa na soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, magunia yakipakiwa nje. Kazi ilikuwa kufunga dnsmasq (programu ndogo inayogawa anwani za mtandao na kujibu maswali ya majina ya tovuti, yaani DNS) kwenye seva yao ya Ubuntu ili igawe anwani kwa kompyuta za ofisi, maana ruta yao ilikuwa imechoka. Nikaandika `interface=enp3s0`, jina la kadi ya mtandao wa ofisi, kwenye /etc/dnsmasq.conf, nikawasha. Ikagoma: "Address already in use". Poti 53, mlango wa maswali ya DNS, ilikuwa na mwenyewe tayari.

Nikapiga `ps aux | grep dnsmasq` kuorodhesha programu zinazoendeshwa, nikakuta dnsmasq mbili zinatembea. Nikadhani ni mabaki ya majaribio yangu, nikazipiga `sudo killall dnsmasq`. Yangu ikawaka palepale, kompyuta zikaanza kupata anwani. Nilifurahi kwa kama dakika kumi, kisha dada mhasibu akaja mlangoni.

"Kaka, risiti haziondoki, na mteja yuko hapa anasubiri gari."

Mfumo wake wa hesabu unakaa ndani ya mashine pepe (kompyuta ya ndani ya kompyuta), kwenye seva hiyohiyo. Mashine ile ilikuwa haipati jina lolote la mtandao. Hapo nikaelewa nimeua nini: dnsmasq za libvirt, programu inayosimamia mashine pepe na mtandao wake, na niliumia, kwa sababu yule mama mwenye mzigo hakuwa na kosa lolote.

Nikazima yangu. Nikazima na kuwasha upya mtandao wa mashine pepe: `virsh net-destroy default`, kisha `net-start` (jina la ile amri ya kwanza linatisha, lakini haifuti mipangilio), nikaiwasha upya mashine pepe. Risiti zikaondoka. Dnsmasq mbili zikarudi, na safari hii nikazitazama kwa utulivu:

`ps -eo pid,ppid,user,args | grep dnsmasq`

Ya kwanza mmiliki wake ameandikwa `libvirt+`, jina limekatwa kwa urefu. Ya pili ni ya root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, na PPID yake (namba ya programu iliyoizaa) ni namba ya ile ya kwanza. Ni mama na mwana: mwana ameachiwa mamlaka ya root ili kuendesha hati (script) ya kuandika anwani zilizogawiwa. Ndani ya mstari kuna njia ya faili la mipangilio, /var/lib/libvirt/dnsmasq/default.conf. Kila kitu kilikuwa pale tangu mwanzo, mimi nilisoma jina tu.

Nikauliza pia `sudo ss -lntup`, inayoonyesha nani kashika poti gani: kwenye poti 53 zimeshika 192.168.122.1 peke yake, anwani ya seva upande wa mashine pepe. Mgomvi alikuwa yangu. Ule mstari wa `interface` unaifanya ipuuze maombi ya kadi nyingine, lakini poti yenyewe bado inaidaka kwenye anwani zote. Ndiyo maana mashine pepe ilikuwa inauliza na haijibiwi.

Dawa ilikuwa neno moja chini ya mstari huo: `bind-interfaces`, linaloiambia idake poti kwenye anwani za kadi inazohudumia tu. Nikaiwasha tena.

Sasa ps inaonyesha dnsmasq tatu, na zote zina kazi. Nimeacha maelezo kwa Kiswahili juu ya faili la mipangilio, nikitaja ipi ni ya nani, kwa fundi atakayekuja baada yangu.