Mstari Ulionyofolewa Bila Kikonyo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii huku Rungwe tumeshinda shambani tukichuma parachichi. Anayeijua kazi hii haruhusu mtu avute tunda kwa mkono. Tunakata kwa mkasi na kuacha kikonyo kifupi juu yake. Tunda lililonyofolewa hubaki na kidonda pale kikonyo kilipokuwa. Kwa nje linapendeza sawasawa na mengine, ila uozo unaingilia hapohapo, na siku ukilikata unakuta weusi umeshashuka kuelekea kwenye kokwa. Ndiyo maana mnunuzi makini hushika tunda na kuliangalia juu kwanza.

Juzi nikiwa na mkasi mkononi nilikumbuka mstari wa Biblia nilioutendea hivyo.

Baba alipofariki alituacha wanne, mimi nikiwa wa kwanza. Shamba lake zamani lilikuwa na kahawa iliyozeeka na migomba, wala hakuna aliyeliulizia. Baadaye baba akapanda miche ya parachichi iliyobebeshwa, ikazaa, na magari ya wanunuzi yakaanza kupanda mpaka kijijini kwetu. Basi alipotutoka, shamba likawa jambo zito.

Usiku wa kuamkia kikao cha familia nilifungua Biblia. Mtu angeniona angesema namtafuta Mungu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua ninachokitaka, natafuta andiko la kukibeba. Nikalipata katika Kumbukumbu la Torati 21:17: mzaliwa wa kwanza apewe fungu mara mbili. Nikaliandika kwenye karatasi, nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati. Nililala vizuri sana usiku ule, na hilo ndilo linaloniumiza nikikumbuka.

Asubuhi mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Nikasoma karatasi yangu. Wadogo zangu wawili wa kiume wakainamisha vichwa, maana nani atabishana na Neno? Mdogo wetu wa mwisho, binti, akaomba apewe Biblia yenyewe. Akasema, "Kaka, naomba tuanzie juu kidogo."

Akasoma kuanzia mstari wa 15. Hapo Musa anazungumza juu ya mtu mwenye wake wawili, mmoja anampenda na mwingine hampendi, na mzaliwa wa kwanza ametoka kwa yule asiyependwa. Sheria inamkataza baba kumruka mtoto huyo kwa sababu mama yake hana nafasi moyoni mwa mumewe. Fungu mara mbili limewekwa kumkinga mtoto ambaye angedhulumiwa. Mimi sikuwa mtoto wa mke asiyependwa. Baba alikuwa na mke mmoja, na ndiye huyo aliyekaa pale kwenye kigoda. Aliyekuwa karibu kudhulumiwa katika chumba kile ni dada yangu. Niliichukua sheria iliyotungwa kumlinda mnyonge, nikaifanya fimbo ya kumchapia.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, yule aliyempelekea Yesu habari za urithi aliambiwaje?"

Tukafungua Luka 12. "Mwalimu, mwambie ndugu yangu anigawie urithi wetu." Angalieni, wapendwa, hatuambiwi kwamba mtu huyu alikuwa anadai uongo. Huenda kweli ndugu yake alikuwa amemdhulumu. Lakini Yesu anamuuliza ni nani aliyemweka yeye kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yao, kisha anaugeukia mkutano wote: "Angalieni, jilindeni na choyo, maana uzima wa mtu haumo katika wingi wa vitu vyake alivyo navyo." Mtu yule alikuwa amesimama mbele ya Mwana wa Mungu, akaona mtu wa kumsaidia kupata shamba. Nami nilikuwa nimeifungua Biblia kwa shida ileile.

Ndipo unakuja mfano wa tajiri. Hakuiba, wala hakumpunja kibarua. Shamba lake lilizaa sana, kama yanavyozaa ya kwetu mwaka wa mvua nzuri. Lakini msikilizeni anavyosema: mavuno yangu, ghala zangu, nafaka yangu yote, vitu vyangu, mpaka nafsi yangu. Anaongea peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Hamna mke katika maneno yake, hamna jirani, hamna mvua wala aliyeileta. Wa kwanza kumjibu ni Mungu, tena usiku: vitu ulivyojiwekea tayari vitakuwa vya nani?

Sisemi parachichi ni dhambi. Tunasomesha watoto kwa hilo, tunaezeka nyumba kwa hilo, na sadaka zetu nyingi zinatoka humo. Nasema kwamba moyo uliokwisha kukipenda kitu huanza kusoma Biblia kabla macho hayajafika kwenye ukurasa.

Sisi Wamoravian tuna neno la siku, yaani mstari wa Biblia uliowekwa kwa kila siku ya mwaka. Desturi hiyo ni ya zamani, kitabu chake cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731 huko Herrnhut, Ujerumani, kabla hata wamisionari hawajafika hapa Rungwe mwaka 1891. Ninaipenda kwa sababu neno la siku hulichagui wewe. Limechaguliwa kwa kura, linakukuta ulivyo. Lakini hata hilo ni mlango. Leo tunalipokea kwenye simu, tunajibu "Amina", tunaendelea na safari. Wangapi kati yetu tunaishikilia Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani, tukiwa na kiwanja akilini, au gari? Mstari wa 10 unataja miaka 70 ya uhamisho Babeli. Wengi walioisikia barua ile ya Yeremia kwa wahamishwa wangezikwa ugenini, na ahadi ilikuwa yao vilevile.

Hata Shetani alinukuu. Katika Mathayo 4 alimletea Yesu Zaburi ya 91, malaika na mikono yao, akaruka maneno "wakulinde katika njia zako zote". Yesu alimjibu kwa andiko jingine. Andiko lilipewa andiko mwenziwe, kama mama alivyonipa mimi Luka.

Kwa hiyo wiki hii naomba tusome Luka 12 nzima, kuanzia mstari wa 1 hadi wa 59, kwa sauti, na watoto wakiwepo. Kama kuna jambo la mali nyumbani kwako, usisome peke yako. Msomee yule unayegombana naye, au yeye akusomee.

Shamba tuligawa mafungu manne sawa. Tulipiga vigingi mvua ikinyesha, mama ameshika kamba. Fungu la dada yangu ndilo liko karibu na barabara, na miti yake imezaa kuliko yangu. Nikipita pale macho yangu bado yanahesabu. Niombeeni, wapendwa.