Baki ya 359

Likizo ya Juni 1998 nilipanda treni Tabora kurudi nyumbani Kigoma. Nilikuwa kidato cha tatu, na ndani ya sanduku langu la bati hamkuwa na zawadi ya mtu. Mlikuwa na daftari jipya lenye namba moja ukurasa wa kwanza: 4294967297.

Mwalimu wa hesabu aliiandika ubaoni siku ya kufunga shule. Ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mwanasheria mmoja wa Ufaransa, Fermat, alikuwa na kanuni iliyotoa 3, 5, 17, 257, 65537, zote namba tasa, akaamini kwamba hii inayofuata nayo ni tasa.

"Alikosea," Mwalimu akasema. "Ina kigawo. Atakayeniletea ana chupa ya asali."

Asali ya Tabora, tena kwa mtoto wa bweni!

Nyumbani Kibirizi nilichuja namba tasa nyuma ya kalenda kuukuu, nikaanza kugawanya. 7 inabakiza. 11 inabakiza. 13 hivyo hivyo. Mwanzoni mwezi ulikuwa mkali, na mbalamwezi dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo wavuvi walipumzika na karabai ya kaka ikalala ndani. Nikaitumia mimi. Mama alikuwa akipita na ungo wake wa dagaa anachungulia.

"We mwanangu, hiyo namba inakudai?"

"Hapana mama, naitafutia kigawo."

"Haya, tafuta. Ila mafuta ni ya kaka yako."

Giza lilipoingia karabai ikarudi ziwani, nami nikabaki na koroboi na moshi wake. Namba za mia tano na mia sita zote nilizigawanya hivyo, macho yakichuruzika. Nilifika 701, namba tasa ya 126, likizo ikaisha.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umekileta?"

"Hakipo, Mwalimu. Labda kiko mbele zaidi."

Akalichukua daftari. Hakuanzia mwanzo. Alipekua mpaka kwenye 641, akashuka na kidole mstari kwa mstari, kikasimama. 2672 kutoa 2564. Nilikuwa nimeandika 118.

Ni 108. Mama yangu angeniambia hilo huku akimrudishia mteja chenji. Kutoka hapo hesabu ilipinda yote, nikapata baki ya 359 mahali ambapo jibu ni 6700417 kamili. Nilikipita kigawo, kisha nikagawanya kwa namba kumi zaidi nikikitafuta.

Halafu akanionyesha kilichoniuma zaidi. Euler, mwanahisabati aliyekipata kigawo hicho mwaka 1732, alithibitisha baadaye kwamba kila kigawo tasa cha namba ile, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Akanituma nizitafute kwenye orodha yangu ya kalenda. Hadi 641 zilikuwa hizi: 193, 257, 449, 577, na yenyewe. Tano! Mimi nimemaliza koroboi nzima kwa mia na ushee.

Sikusema kitu. Mwalimu akafungua kalamu nyekundu, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kutia vema, hesabu moja baada ya nyingine, hadi 631. Kwenye 641 hakuweka mkasi. Aliigeuza ile moja ya katikati ikawa sifuri, akanipa kalamu nimalizie.