Kabla ya Kununua Gari la Dizeli la Mtumba Uingereza, Uliza Limeishije

Sisi tuliokulia Tanzania tuna imani kubwa na injini ya dizeli, na imani hiyo ina sababu zake. Tumeziona Land Cruiser za miradi zikikata vumbi la Singida na Dodoma kwa miaka ishirini, tumesafirishwa na malori ambayo umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika, na tumewasikia mafundi wakisema kwamba dizeli haifi bali hufanyiwa ukarabati tu. Mimi nilihama na imani hiyo. Kwa hiyo mwaka 2018, watoto wetu walipofika wanne na gari dogo la petroli likawa halitutoshi tena hapa Leicester, niligundua kwamba magari mengi ya viti saba yaliyokuwa ndani ya uwezo wangu yalikuwa ya dizeli, nami nikafurahi badala ya kujiuliza.

Wingi huo una historia yake. Tangu mwaka 2001 kodi ya barabara ya magari mapya Uingereza ilipangwa kwa kufuata kiasi cha hewa ya ukaa kinachotoka, na kwa kuwa dizeli hunywa mafuta kidogo kwa kila maili, wenye familia walihamia huko kwa maelfu, hata ikafika miaka ambayo karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa nchini yalikuwa ya dizeli. Magari hayo ndiyo sasa yamejaa kwenye yadi za mitumba, yakiwa na bei inayomvutia mtu mwenye watoto wengi na mshahara wa kawaida.

Nililonunua lilikuwa la mwaka 2012, limetembea maili 71,000, safi ndani na nje. Kutoka nyumbani hadi kazini kwangu ni maili mbili, shule ya watoto ni maili moja, na duka la vyakula liko njiani. Miezi minne haikuisha kabla taa ya njano haijawaka kwenye dashibodi, na siku chache baadaye gari likaanza kugoma kuvuta: unakanyaga mafuta, injini inalia, lakini mwendo hauzidi maili 40 kwa saa. Gereji ya kwanza ilifuta kosa kwenye kompyuta kwa pauni 60, na taa ikarudi siku ya tatu. Mtu mmoja msikitini ndiye aliyenielekeza kwa fundi mzee wa Mombasa ambaye amefanya kazi ya magari katika mji huu tangu ujana wake.

Nilimwamkia, akaitikia, kisha hakugusa kompyuta kabisa. Alifungua boneti, akavuta dipstiki, akaipangusa kwa kitambaa, akairudisha na kuivuta tena. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama ya mwisho kwa karibu upana wa kidole. Mimi nilidhani hiyo ni dalili njema. Yeye alinisogezea dipstiki puani bila kusema neno, nikanusa dizeli, harufu ileile ya kituo cha mafuta. Akadondosha tone moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akalisugua na kunionyesha jinsi lilivyokuwa jepesi, halina ule utelezi mzito wa oili.

"Mwanangu," aliniambia, "hili gari halikuja kwako na ugonjwa. Wewe unalitembeza wapi?"

Nilipomweleza safari zangu, alitikisa kichwa. Maelezo aliyonipa siku hiyo ndiyo ninayotamani kila ndugu anayehamia huku ayapate kabla ya kutoa pesa zake, kwa sababu ubovu mwingi wa dizeli za kisasa unatokana na mambo hayo.

Dizeli tulizozijua nyumbani zilitoa moshi wao mweusi hewani, na hadithi ikaishia hapo. Hizi za Ulaya zimekatazwa kufanya hivyo. Kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi kiitwacho Euro 5, kilichoanza kutumika kwa magari mapya yote mwezi Januari 2011, kiliruhusu masizi kidogo mno, kiasi kwamba watengenezaji walilazimika kuweka kwenye bomba la moshi chujio maalumu ambalo mafundi wa hapa huliita DPF. Ndani yake limejaa vijitundu mfano wa sega la nyuki, navyo hunasa karibu masizi yote. Yakishajaa ni lazima yachomwe, na ili yaungue chujio linahitaji joto la nyuzi 600 hivi. Gari linalokwenda mwendo mrefu kwenye barabara kuu hulifikia joto hilo, lakini la maili mbili halilifikii kamwe, kwa hiyo kompyuta hujaribu kusaidia kwa kunyunyiza dizeli ya ziada kwenye silinda ili ikaungulie mbele kwenye bomba. Kazi hiyo huchukua dakika kumi hadi ishirini bila kusimama. Mimi nilikuwa nikizima gari baada ya dakika sita, mara mbili au tatu kila siku, na kila nilipokatiza uchomaji, sehemu ya ile dizeli ilichuruzika kwenye kuta za silinda na kuishia kwenye oili. Hapo ndipo chujio lilipoziba na oili ikapungua nguvu kwa wakati mmoja. Oili iliyochanganyika na dizeli haiwezi kulinda beringi za tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, wala za kranki, na mtu akiendelea kuendesha hivyo, injini hufa kweli, licha ya ile kauli ya mafundi wetu wa nyumbani.

Nililipa pauni 380 kusafishiwa chujio na kubadilishiwa oili. Jipya lingenigharimu zaidi ya pauni elfu moja. Baadhi ya watu huchukua njia ya mkato wanayoijua kutoka nyumbani, kama ilivyo kwa masega, yale machujio ya moshi ya magari ya petroli, wakatoboa chujio na kulibakiza ganda tupu. Hapa ni kosa. Tangu Februari 2014, gari lililotengenezwa na chujio ambalo halina tena chujio hilo halipaswi kufaulu MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, na tangu Mei 2018 moshi wowote unaoonekana kutoka kwenye gari la aina hiyo ni sababu ya kulifelisha. Mimi pia nimeishi na mtoto mwenye pumu, na siwezi kumshauri mtu ayamwage masizi hayo kwenye barabara ambayo watoto wanapita wakienda shule.

Baada ya matengenezo nililiuza kwa mtu anayesafiri kila siku kwenda Northampton, nikiwa nimemweleza kila kitu, nikarudi kwenye petroli.

Mwaka jana shemeji yangu alipata kazi Sheffield huku familia yake ikiwa bado Leicester, karibu maili 70 kwa barabara ya M1. Yeye dizeli ilimfaa, nami nilikubali kumsindikiza kutafuta. Gari la kwanza tuliliona katika yadi moja nje ya mji. Rangi yake ilikuwa inang'aa, viti vya ngozi, maili 48,000 kwa gari la miaka tisa. Shemeji akanivuta pembeni na kuninong'oneza, "Shemeji, tulipie sasa hivi kabla hajaja mwingine."

Nilimwomba asubiri nifungue simu. Kwenye tovuti ya serikali, ukiingiza namba ya gari unapata bure historia yake yote ya MOT, pamoja na maili zilizosomwa kila mwaka na maonyo ambayo mkaguzi aliyaandika hata pale gari lilipofaulu. Watu wengi huitazama ili kujua kama kilometa zimechezewa, na ni jambo la maana, lakini mimi huangalia zaidi tofauti ya mwaka mmoja na mwingine. Gari lile lilikuwa limetembea karibu maili 8,000 kwa mwaka hapo mwanzoni, kisha miaka minne ya mwisho likatembea maili elfu mbili na kitu kwa mwaka. Hizo hazifiki maili saba kwa siku. Lilikuwa limeishi maisha yaleyale ya gari langu. Nilichukua karatasi laini nyeupe, nikaiingiza kwenye mdomo wa bomba la moshi na kuizungusha, ikatoka nyeusi tititi. Bomba la gari lenye chujio zima huwa karibu safi kwa ndani, hata likiwa na umri mkubwa. Tukashukuru na kuondoka, na shemeji alinuna hadi nyumbani.

La pili lilikuwa Nottingham, la mtu binafsi, na lilikuwa limetembea maili 96,000 kwa miaka saba. Nilimsihi muuzaji kwa simu asiliwashe kabla hatujafika, na tulipofika nililigusa boneti kwa kiganja nikakuta ni baridi. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu injini ya dizeli haina plagi za cheche; hutegemea joto la hewa iliyobanwa, na asubuhi ya baridi hutegemea plagi zinazoipasha joto kabla ya kuwaka. Injini iliyokwisha pashwa moto na muuzaji huficha plagi zilizokufa, nozeli zinazovuja na betri iliyochoka. Lile liliwaka mara moja, likatetema kidogo na kutulia. Nikamwambia shemeji akanyage klachi na kuiachia taratibu huku mimi nikisikiliza upande wa gia boksi, kwa sababu magari haya yana flaiwili ya vipande viwili iliyounganishwa kwa springi, nayo ikichakaa hugongagonga gari likiwa limesimama na mlio wake hubadilika ukikanyaga klachi. Kuibadilisha humaanisha kushusha gia boksi nzima. Hatukusikia kitu. Barabarani tulilipandisha mlima kwa gia ya nne ili kuona kama tabo inavuta bila kupiga mluzi wala kutoa moshi wa bluu nyuma. Kuna pia valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, nayo huganda masizi mazito kama lami, lakini hiyo hujionyesha kwa kusitasita kwa gari kwenye mwendo mdogo, na fundi huisafisha bila gharama ya kutisha.

Nilimwuliza muuzaji maisha yake kuliko nilivyomwuliza kuhusu gari. Alikuwa akienda Birmingham kikazi siku nne kwa wiki. Stakabadhi za oili zilikuwa za kila maili elfu tisa au kumi, na mkanda wa taiming ulikuwa umebadilishwa kwa risiti yenye tarehe. Jina na anwani yake vililingana na kadi ya gari, ile ambayo hapa huitwa V5C, na tulilipa pauni chache kuthibitisha kwamba halidaiwi mkopo.

Kwa kuwa lilikuwa limesajiliwa baada ya Septemba 2015, lilikuwa la Euro 6. Kwa dizeli hilo si suala la fahari. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 ULEZ, yaani eneo ambamo magari yenye moshi mchafu hutozwa, imeenea London nzima, na dizeli isiyofikia Euro 6 hulipa pauni 12.50 kila siku inayoendeshwa humo, wakati petroli inaruhusiwa kuanzia Euro 4 tu. Katikati ya Birmingham ni pauni 8 kwa siku. Gari langu la 2012 leo lingetozwa kila tunapokwenda kumwona dada yangu huko. Lakini Euro 6 nayo ina mzigo wake, kwa maana nyingi zina tangi la pili la AdBlue ya kusafishia moshi, maji yaliyochanganywa na asilimia 32.5 ya urea, kemikali ileile ya mbolea tunayotia kwenye mahindi ila iliyosafishwa sana. Ikiisha, gari ukishalizima haliwaki tena hadi uijaze. Tulikagua mdomo wa tangi hilo na chini yake kama kuna ukoko mweupe, ambao ni alama ya uvujaji, na hatukuuona.

Shemeji alikuwa na wazo la kulituma nyumbani baadaye. Nilimshauri aliondoe kichwani. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, na Tanzania hulitoza la zamani ushuru wa uchakavu. Zaidi ya hayo, mitambo hii imetengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, ilhali kwa miaka mingi kiwango cha Afrika Mashariki kimeruhusu hadi 50.

Kwenye yadi, Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha gari bovu na kudai pesa zake zote. Kwa mtu binafsi ulinzi ni mdogo zaidi: gari lazima liwe jinsi alivyolieleza na awe na haki ya kuliuza. Ndiyo maana tulimwomba aandike kwenye risiti kwamba chujio ni la asili na halijaguswa, naye akaandika bila kusita. Kisha shemeji akalipia bima na kodi ya barabara kwa simu palepale, maana tangu Oktoba 2014 kodi ya mwenye gari wa zamani haihami na gari.

Miezi minane sasa anakwenda Sheffield na kurudi. Jumapili iliyopita alipita kwangu, na kabla hatujaingia ndani nilimwomba afungue boneti. Oili ilikuwa katikati ya alama mbili, nyeusi kama oili ya dizeli inavyokuwa siku zote, na nilipoinusa ilikuwa oili tupu.