Kutoka pesa ya 1890 hadi Tabora 1916: namna ninavyonunua sarafu kwenye maonyesho ya Ujerumani

Ninakusanya sarafu zilizopigwa chapa kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, kuanzia pesa ya shaba ya mwaka 1890 hadi sarafu za dharura zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916. Nje ya mpaka huo nimejiruhusu sarafu mbili tu. Ya kwanza ni pesa ya Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, yenye mizani upande mmoja na mwaka wa Hijra 1299, yaani 1882, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea watu wa pwani kabla ya Wajerumani kuleta ya kwao. Ya pili ni shilingi ya mwaka 1921 yenye simba, ambayo ndiyo iliyochukua nafasi ya rupia Tanganyika. Sarafu nyingine zote, hata zikiwa nzuri na za bei nafuu, ninaziacha mezani kwa muuzaji.

Umuhimu wa mpaka kama huu huonekana zaidi ndani ya ukumbi wa maonyesho kuliko nyumbani. World Money Fair, maonyesho makubwa yaliyoanzia Basel mwaka 1972 na kuhamia Berlin mwaka 2006, hukusanya viwanda vya serikali vya kupiga sarafu kutoka pande nyingi za dunia pamoja na wafanyabiashara wanaouza sarafu za kale. Mgeni akiingia bila kujua anachotafuta hukutana kwanza na sarafu mpya zinazong'aa, nyingine zimepakwa rangi, zikiwa ndani ya visanduku vya mahameli, na fedha yake huishia hapo. Mimi hupita sehemu hiyo kwa heshima, kwa sababu kazi ya mafundi wa viwanda hivyo ni ya kuvutia kweli, lakini sinunui. Ninakwenda moja kwa moja kwenye meza za wafanyabiashara wenye trei za sarafu za makoloni ya zamani, ambazo kwa kawaida hazichukui nafasi kubwa.

Kuchora mpaka ni kazi inayohitaji kufikiri, na kuna sarafu ambazo uliniuma moyo kuziacha. Sarafu za Mombasa za mwaka 1888, zilizotolewa na kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ni za pwani yetu hii hii na zina mizani kama zile za Zanzibar. Hata hivyo ni hadithi ya kampuni nyingine na utawala mwingine, na anayezitaka anapaswa kuzijengea mkusanyiko wake. Reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, nayo ilitumika pwani kwa miaka mingi, lakini sarafu hiyo imeendelea kupigwa chapa na kubakia na mwaka ule ule wa 1780, hivyo tarehe iliyoandikwa juu yake haikuambii ilitengenezwa lini. Kuitofautisha ya zamani na ya juzi ni elimu ya pekee inayotaka miaka ya kusoma. Nikaona ni bora niifahamu familia moja ya sarafu kwa undani kuliko kumi kwa juu juu.

Familia hiyo niliyoichagua ina mengi ya kusoma. Pesa za mwaka 1890 hadi 1892 zilitolewa na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na upande mmoja zina tai wa dola ya Ujerumani, ilhali upande wa pili umeandikwa kwa Kiarabu pamoja na miaka ya Hijra 1307, 1308 na 1309. Kampuni ilijua kwamba sarafu isiyosomeka kwa wafanyabiashara wa Bagamoyo na Kilwa isingekubalika sokoni. Rupia ya fedha ilifuata uzito wa rupia ya India, karibu gramu 11.66, kwa sababu rupia ya India ndiyo iliyokuwa imetawala biashara ya Bahari ya Hindi. Tofauti ni kwamba juu yake aliwekwa Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai, na upande wa pili simba mbele ya mnazi. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904, baada ya serikali kuichukua kazi ya sarafu kutoka kwa kampuni, hesabu ilibadilika: rupia moja ikawa heller 100, na rupia 15 zikawa sawa na marki 20 za Ujerumani.

Ndani ya kipindi hicho ipo heller ndogo ya shaba ya mwaka 1905, sarafu ya bei rahisi kuliko karibu zote katika mkusanyiko wangu, ambayo hupatikana kwa euro chache tu katika hali nzuri. Wafanyabiashara wengi huitupa katika sanduku la mchanganyiko. Kwangu ina uzito mkubwa, kwa sababu mwaka huo ndio wananchi wa vilima vya Matumbi walipong'oa pamba kule Nandete na vita vya Maji Maji vikaanza. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba ndizo zilizomfanya mkulima wa kusini azihitaji sarafu hizi hata kama hakuzitaka. Sikusanyi sura ya Kaisari kwa kumtukuza. Ninakusanya vitu vilivyopita katika mikono ya watu wetu, na ninaamini ni haki yetu kuvijua vizuri kama wanavyovijua wakusanyaji wa Ujerumani, au zaidi.

Kilele cha mkusanyiko ni Tabora. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Uingereza zilifunga njia za bahari, na sarafu mpya hazikuweza kufika kutoka Berlin wala Hamburg. Serikali ya gavana Heinrich Schnee ilichapisha noti za muda, kisha mwaka 1916 ikaanza kupiga sarafu yenyewe katika karakana ya reli ya Tabora: heller 5 na heller 20 za shaba ya manjano, nyingine za heller 20 za shaba nyekundu, zote zikiwa na herufi T. Malighafi ilitokana na maganda ya risasi za mizinga na vyuma chakavu vya aina mbalimbali. Kazi ilikoma Wabelgiji na askari wao wa Kongo walipouteka mji mwezi Septemba mwaka huo huo.

Kwa kuwa mihuri ya kupigia sarafu ilichongwa kwa mkono na ilichakaa haraka, heller 20 za Tabora hazifanani. Kuna taji kubwa na taji dogo. Kuna herufi L mbili za neno HELLER ambazo ncha zake zimechongoka, nyingine zimejipinda, na nyingine ni L moja tu iliyojipinda. Ukizichanganya tofauti hizi na aina mbili za shaba, unapata mfululizo mzima ambao mtu anaweza kuutafuta kwa miaka bila kuumaliza na bila kufilisika. Hapa ndipo faida ya mkusanyiko mwembamba inapojionyesha, kwani wauzaji wengi huandika kwenye kibandiko “20 Heller 1916” na bei moja kwa zote, wakati aina fulani ni adimu kuliko nyingine. Anayejua kusoma herufi hizo anasimama mbele ya trei moja na mtu mwingine, lakini anaona kitu ambacho mwenzake hakioni.

Tabora pia ndiko ilikotoka sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima, iliyopigwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa 16,198 tu. Kila maonyesho ina watu walioinama juu yake, na bei yake hufikia maelfu ya euro. Ninaipenda, na bado sijaiweka katika orodha yangu ya kununua. Ni sarafu inayoghushiwa sana, na fedha ya kuinunua moja ingetosha kukamilisha mfululizo wote wa heller, wa rupia na wa nusu zake. Anayesisitiza kuanza na tembo mara nyingi hubaki na tembo peke yake. Atakayeitaka kwa kweli ainunue ikiwa imekwisha kukaguliwa na kufungwa na taasisi ya upimaji inayoaminika, na aipime uzito: gramu 7.17 kwa dhahabu ya kiwango cha 750, yaani sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu halisi.

Sasa nije mezani penyewe. Ninabeba kioo cha kukuza mara kumi, mizani ndogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu, sumaku, na orodha yangu iliyoandikwa kwa mkono. Ninauzunguka ukumbi mzima mara moja kabla ya kununua chochote, nikiandika namba ya meza na bei. Ninapotaka kuona sarafu ninaomba ruhusa, ninaishika ukingoni kwa vidole viwili, na ninaiweka juu ya trei au kitambaa ili isianguke sakafuni. Wauzaji hutazama mikono ya mnunuzi kabla ya pochi yake, na anayeshika uso wa sarafu kwa kidole gumba huonyeshwa vitu vya kawaida tu. Ni vyema pia kujua alama za hali wanazotumia Wajerumani: “s” ni sarafu iliyochakaa sana, “ss” imechakaa kiasi lakini maandishi na sura viko wazi, “vz” ina dalili kidogo tu za matumizi, na “st” haijatumika. Alama hizo ni maoni ya muuzaji. Uamuzi ni wa macho yako, na kwa rupia mahali pa kutazama ni nywele na masharubu ya Kaisari pamoja na tai wa kofia, kwa kuwa ndipo panapochakaa mapema.

Jambo linalowashinda wengi ni kuitambua sarafu iliyosuguliwa. Ukiigeuza taratibu chini ya taa, fedha ambayo haijaguswa hutupa mng'ao unaozunguka uso wake, ilhali iliyosuguliwa huonyesha mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja, au weupe usio na uhai. Angalia pia ukingo kwa juu, saa sita hivi, kutafuta alama ya kulehemu.

Kuhusu alama hiyo ninatofautiana na karibu kila mfanyabiashara niliyezungumza naye. Rupia nyingi zilitobolewa au kulehemewa kikonyo ili zivaliwe shingoni, na sokoni alama hiyo huondoa sehemu kubwa ya thamani. Mimi nimetenga safu nzima kwa ajili ya rupia hizo, na ninazinunua makusudi. Sarafu “st” ya mwaka 1910 huenda ilikaa kwenye droo ya benki maisha yake yote, lakini rupia iliyotobolewa na kulainika upande uliogusa ngozi ilikuwa mali ya mtu, pengine mahari yake, pengine akiba yake ya pekee. Katika mkusanyiko unaohusu matumizi ya sarafu, hiyo ni ushahidi. Bei yake ndogo ni nafuu kwangu, ingawa ningeinunua hata ingekuwa ghali.

Kuhusu bei, siku ya kwanza huleta uchaguzi mpana na siku ya mwisho huleta ulegevu kidogo, hasa kwa muuzaji asiyetaka kurudi nyumbani na mzigo. Ninapenda kununua sarafu kadhaa kwa mtu mmoja na kuomba bei ya jumla kwa adabu, bila kuidharau bidhaa yake. Kwa aina ya sarafu zangu, maonyesho madogo ya mikoani yanayofanyika katika kumbi za mitaa hunipa zaidi kuliko yale ya Berlin, kwa maana huko ndiko masanduku ya mchanganyiko hayajachambuliwa. Faida nyingine ni kufahamika. Mtu anayeuliza kitu kile kile kila mara hukumbukwa, na baada ya muda muuzaji huvuta bahasha chini ya meza kabla hujamwuliza. Kwa sarafu ya bei kubwa ninadai risiti inayotaja aina, mwaka, hali, na haki ya kuirudisha ikithibitika kuwa ya bandia.

Nikifika nyumbani kila sarafu huingia kwenye kifuniko kisicho na plastiki ya PVC, kwa sababu plastiki hiyo huacha utando wa kijani juu ya shaba, kisha ninaandika ilikonunuliwa, bei, uzito na aina yake. Orodha ya sasa bado ina mapengo: heller 5 kubwa ya bronzi ya mwaka 1909 katika hali ya “vz”, ambayo ina gramu 20 na ilikuwa nzito mno kwa mfuko wa mtu yeyote hadi ikabadilishwa mwaka 1913 kwa sarafu ndogo yenye tundu, na heller 20 ya Tabora ya shaba nyekundu yenye taji dogo. Kama nyumbani kwenu Tanga, Lindi au Ujiji ipo rupia au heller ya wazee, tafadhali msiisugue kwa majivu wala ndimu, na mwandikeni mzee aliyeiacha ni nani na aliipataje. Habari hiyo haiuzwi kwenye meza yoyote ya Berlin.