Mfuko wa Buluu

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, hapo jirani Arusha. Mwanzoni mwa mwezi huo nilikuwa nimeshuka Kilimanjaro na kundi la wageni, nikijua wiki inayofuata napanda tena. Nilikuwa na miaka sita ya ugumu. Mgumu, ndivyo wapagazi tunavyoitana kule mlimani. Safari zikafutwa zote. Nikarudisha chumba cha kupanga pale Moshi mjini, nikapandisha Machame kwa Bibi pamoja na mke wangu, mimba ina miezi saba, na deni la kikoba liko palepale.

Usiku nilikuwa nahesabu: unga, kliniki, deni. Kusali nilisali, lakini ombi langu lilikuwa moja tu, wageni warudi. Nikiona kimya, naanza upya.

Mwezi wa nne Rais Magufuli akaomba taifa lisali siku tatu, tarehe 17 hadi 19. Ijumaa ile mvua ya masika ilikatika alasiri. Bibi akaniita kihambani, shambani mwa ukoo, penye kaburi la Babu lililozungushiwa mimea ya masale. Alikuwa Mlutheri hasa, wa kuwahi benchi la mbele, ila sala zake nzito alizileta pale, uso ameuelekeza kilele cha Kibo hata mawingu yakiwa yamekifunika.

Alisali kwa majina. Sikuwahi kumsikia akisema "wagonjwa wote"; alimtaja mmoja baada ya mwingine, hata mtoto wa jirani aliyekohoa juzi. Alipomaliza ukoo, akanigeukia.

"Baba, wale wageni wako wa mwisho walitoka wapi?"

"Italia, Bibi."

Redio ilikuwa imeshatuambia jinsi watu wanavyokufa Italia, maelfu kwa maelfu. Bibi akalishika jani la sale, akalinyoosha kwa vidole viwili toka shinani hadi nchani.

"Wanaitwa nani? Niwataje."

Sikujua. Yule mzee niliyembebea, jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibandiko cha mfuko wake. Nililibeba kichwani kutoka geti la Machame mpaka kambi ya Barafu, nikaliteremsha mpaka Mweka, na sasa halikuja hata herufi moja. Mwezi mzima nilikuwa namwomba Mungu awarudishe, wala sikuwa nimemwomba wawe wazima. Aibu ile naisikia mpaka leo.

"Basi mwambie Mungu mzigo wake ulivyokuwa," Bibi akasema. "Atamjua."

Nikaanza. Nikasema mfuko wa buluu, zipu imekufa, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Nikasema ulinuka dawa ya kuchua, maana magoti yalikuwa yanamsumbua. Nikasema pale kwenye ukuta wa Baranko alijibana mwambani ili nipite na mzigo, akaweka mkono kifuani.

"Amina," Bibi akasema.

Nikasema begi jekundu la mkewe, lililokuwa na mwenzangu. Amina. Nikasema lile la kijani lililolowa Shira. Amina. Kwenye la nne sauti ikanikatika, nikalia kama mtoto, na Bibi hakuninyamazisha. Aliacha nilie.

"Yalikuwa mangapi?" akauliza baadaye.

"Tisa."

Akajifunga kanga vizuri, akakaa kwenye jiwe, akasubiri la tano.